AKILI NA WAJIBU: SOMO JUU YA MGENI ALIYE MLANGONI



Somo la mwezi huu ni la kutafakari polepole. Laulizwa hivi: Jema ni jema kwa sababu gani? Tukisema kwamba neno fulani latupasa, je, latupasa kwa kuwa wazee wetu walilitenda, au kwa kuwa latuletea faida, au kwa kuwa mioyo yetu hulipenda, au kwa sababu nyingine iliyo imara kuliko hizo? Wenye elimu huliita swali hili mlango wa falsafa ya maadili, nao wamelishindania tangu zamani za Wayunani. Lakini mtu asidhani ya kuwa ni swali la wenye vitabu tu. Hapa kwetu Buha, tangu Kasulu hata Kibondo, swali hili limekuja kwa miguu, limejitwika mkeka na sufuria, nalo limebisha hodi. Maana nchi yetu imepokea wakimbizi mara nyingi, na kila mara mwenyeji amelazimika kujibu: Huyu asiye ndugu yangu, asiyeweza kunilipa, nina deni gani kwake?

1. MISINGI MITATU ISIYOTOSHA

Watu wengi hujibu kwanza kwa desturi. Husema, "Ukarimu ni desturi yetu." Neno hili ni zuri, wala hatulidharau. Lakini tuitazame desturi vema. Kwa wazee wa Buha palikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe alimpa mwenzake ng'ombe, na yule aliyepewa akamtumikia na kumheshimu yule aliyempa, hivyo wakafungwa pamoja kwa kupeana. Agano hili lilijengwa juu ya malipo. Aliyepokea alijua atakalorudisha, na aliyetoa alijua atakalolipata. Basi, mkimbizi aliyevuka mpaka usiku na mikono mitupu atarudisha nini? Desturi ya kupeana haina jibu kwake, kwa kuwa yeye yu nje ya hesabu yake. Tena desturi si zote njema. Zipo ambazo Injili imetufundisha kuziacha, nasi tusingeweza kuziacha kama desturi ingekuwa ndiyo kipimo cha mwisho.

Wengine hujibu kwa faida. Tufikiri juu ya mwenye duka awauzaye watu maharage. Mtoto wa mkimbizi aja kununua, naye hajui bei ya mahali hapa. Mwenye duka ampimia kwa haki, kopo limejaa sawasawa. Jambo hili ni jema. Lakini tumwulize sababu. Akijibu, "Nisipopima vema nitapata jina baya, na wanunuzi watakwenda kwa mwingine," basi haki yake yakaa juu ya hesabu ya fedha tu. Siku atakapokuwa na hakika ya kwamba hakuna atakayejua, ataibana mkono. Tendo lake lafanana na haki kwa nje, lakini kwa ndani halina mzizi.

Wengine hujibu kwa huruma. Huruma ni kipawa cha Mungu, na mtu asiye nayo ni maskini. Lakini huruma huchoka. Huruma ya siku ya kwanza, mgeni akiwa bado analia, si huruma ya mwaka wa kumi, kuni zikiwa zimekwisha karibu na nyumba na migomba ikiwa imeibwa ndizi. Tena huruma huchagua. Mrundi asema lugha iliyo jirani sana na Kiha. Twamsikia bila mkalimani, na upesi moyo wamwita ndugu. Mtu wa Fizi ng'ambo ya ziwa asema lugha nyingine, na moyo ule ule hukawia. Je, haki yake imepungua kwa kuwa maneno yake hatuyaelewi? Kila mmoja wetu ajua ya kuwa haikupungua. Basi lazima liwepo jambo lingine ndani yetu, lisilochoka wala kuchagua, ambalo ndilo linalotuambia hivyo.

2. MWALIMU WA KÖNIGSBERG

Mtu aliyelitafuta jambo hilo kwa bidii kuliko wengi ni Immanuel Kant. Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, uliokuwa wa Prussia, akafa mumo humo tarehe 12 Februari 1804. Hakusafiri mbali na mji wake siku zote za maisha yake. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu za farasi, mtu wa mali kidogo. Wazazi wake walikuwa Walutheri wa wale walioitwa Wapietisti, walioshika sana sala na usomaji wa Biblia nyumbani, na mtoto Immanuel alisomeshwa katika shule yao. Alipokuwa mzee aliacha mengi ya desturi zao, wala hatusemi ya kuwa imani yake yote ilikuwa imani ya kanisa letu. Lakini aliwaheshimu wazazi wake hata mwisho kwa sababu ya unyofu wao, na mtu asomaye maneno yake juu ya wajibu huisikia bado sauti ya nyumba ile.

Mwaka 1785 alitoa kitabu kidogo juu ya msingi wa maadili, na mwaka 1788 kingine kikubwa zaidi juu ya akili iamuruyo matendo. Fundisho lake twaweza kulisema kwa ufupi. Vipawa vyote vya mtu vyaweza kutumiwa vibaya. Mwizi naye ana ushujaa, na mdanganyifu naye ana werevu. Kitu kimoja tu ni chema bila masharti, nacho ni nia njema. Na nia njema ni ile itendayo jambo kwa sababu ni wajibu, hata pasipo faida, hata moyo ukiwa mzito. Wajibu huo hautoki kwa mtawala, wala hautoki kwa hofu ya adhabu. Watoka katika akili yenyewe, ambayo Mungu amempa kila mtu, wa Ulaya na wa Buha, msomi na asiyejua kusoma.

Msomaji wa Biblia hatashangaa kwa neno hili. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi ya kuwa hata mataifa wasiopewa torati ya Musa wana sheria ndani yao, na dhamiri zao zatoa ushahidi juu yake (Rum. 2:14-15). Lile ambalo Mtume alilisema kwa maneno machache, Kant alitaka kulionyesha kwa njia ya akili, hatua kwa hatua.

3. VIPIMO VIWILI

Alitupa vipimo vya kupimia matendo yetu. Kipimo cha kwanza ni hiki: kabla ya kutenda, uliza kama ungeweza kutaka kila mtu aishike kanuni ile ile unayoishika wewe. Tuseme mtu akopa debe la mbegu kwa jirani, akiahidi kulirudisha wakati wa mavuno, na moyoni ameazimia kutolirudisha. Kanuni yake ni hii: "Nikiwa na shida, nitaahidi uongo." Sasa tuifanye kanuni hiyo iwe ya watu wote. Kila mwenye shida aahidi uongo. Mara hakuna atakayesadiki ahadi ya mtu, wala hakuna atakayekopesha mbegu tena. Uongo wake waweza kufaulu kwa sababu moja tu, kwamba wengine wasema kweli. Yeye ataka sheria iwafunge watu wote isipokuwa yeye. Huo ndio uovu wake, na akili yauona bila kungoja madhara yatokee.

Kipimo cha pili ni hiki: usimtumie mtu kama chombo tu. Jembe ni chombo, likivunjika twalitupa. Mtu si jembe. Ana akili, ana nia yake, naye ni mwisho wa safari wala si njia tu ya kupitia. Kitu chaweza kuwa na bei, lakini mtu hana bei, ana heshima. Basi yule amwitaye mkimbizi kulima shamba lake kutwa nzima, kisha ampa ujira ambao hangethubutu kumpa mtu wa kijiji chake, kwa kuwa ajua ya kuwa huyu hana pa kushtaki, amemfanya mwenzake kuwa jembe. Haidhuru kama yule mkimbizi amekubali. Njaa ndiyo iliyokubali kwa kinywa chake.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Kama mgeni ni mtu mwenye akili, basi wajibu wamkalia yeye naye. Akikata miti bila kiasi, au akivuna asipopanda, au akiingiza silaha katika nchi iliyompokea, ajivunjia sheria ile ile inayomlinda. Kutomdai neno lo lote kwa sababu ya taabu yake si kumheshimu. Ni kumhesabu kama mtoto mchanga. Mithali ya Waswahili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huifahamu kama kumchoka mgeni. Nadhani ina maana iliyo bora: kumpa jembe ni kumkiri kuwa mtu kamili awezaye kujilisha. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima, wakajilisha, na tangu mwaka 2014 watu wapata 162,000 miongoni mwao wamepewa uraia wa Tanzania. Waliokuja baada yao waliwekwa kambini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaagiza wakae mahali walipowekwa. Zipo sababu za amani na ulinzi zilizotolewa kwa jambo hilo. Lakini tusimlaumu kwa kukaa bure mtu ambaye hana ruhusa ya kushika jembe.

4. HAKI YA MGENI

Mwaka 1795, alipokuwa mzee, Kant aliandika kijitabu juu ya amani ya kudumu kati ya mataifa. Humo alisema neno linalotuhusu sana. Alisema ukarimu kwa mgeni si swala la hisani, ni swala la haki. Dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika pasipo mwisho, imewapasa kuvumiliana juu ya uso wake. Wala hapo mwanzo hapakuwa na mtu aliyekuwa na haki ya kukaa mahali kuliko mwenzake. Kwa hiyo mgeni afikapo katika nchi ya wengine asitendewe kama adui. Wenyeji waweza kumkataa, lakini kwa sharti hili, kwamba kumkataa kusiwe kumwangamiza.

Angalieni jinsi neno hilo lilivyo na kiasi. Halisemi mgeni ana haki ya kuichukua ardhi, wala kukaa milele kwa gharama ya mwenyeji. Lakini laweka mpaka mmoja usiovukwa: asirudishwe mautini. Zaidi ya miaka 150 baadaye mataifa yaliandika jambo hilo hilo katika Mapatano ya Wakimbizi ya mwaka 1951, na nchi za Afrika zikayaandika yao huko Addis Ababa mwaka 1969.

Nasi tumeyaona haya kwa macho. Rais Melchior Ndadaye alipouawa huko Burundi mwezi wa Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walikimbia nchi yao, na wengi wao wakaingia Tanzania, hata katika wilaya zetu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya watu wa Kongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaja tena Warundi wengi. Wenyeji waliogawa muhogo na maharage siku zile za kwanza hawakuwa wamesoma kitabu cha Kant. Lakini walitenda kana kwamba wamekisoma, kwa kuwa sheria aliyoiandika yeye kwa wino walikuwa nayo mioyoni.

Je, mzigo huo ni wa Kasulu peke yake? Hasha. Kama wajibu watoka katika akili, basi wamkalia kila mwenye akili. Taifa lililo tajiri na la mbali, likiwasifu wenyeji wa Buha kwa ukarimu wao kisha likapunguza chakula cha wakimbizi, halikutimiza wajibu wake kwa sifa hizo. Mwenyeji analalamika kwamba kuni zimekwisha na njia ya maji imekuwa ndefu. Malalamiko yake ni ya haki, naye asikilizwe. Lakini ayapeleke kwa wale wanaopaswa kuubeba mzigo pamoja naye, asiyamalizie juu ya kichwa cha mjane aliyekuja kuokota kuni.

Liko na jambo moja la kukumbukwa. Mji ule wa Königsberg haupo tena kama ulivyokuwa. Leo waitwa Kaliningrad, nao umo katika nchi ya Urusi. Baada ya vita vikuu vya pili wenyeji wake Wajerumani waliobaki waliondolewa, nao wengi walikuwa Walutheri. Inakumbukwa katika Shirikisho la Walutheri Duniani, lililoanzishwa Lund, Uswidi, mwaka 1947, kwamba siku zile Mlutheri mmoja katika kila sita duniani alikuwa amefukuzwa kwake. Ndilo shirikisho hilo lililoanzisha mwaka 1964 kazi ya kuwasaidia wakimbizi katika nchi yetu, iitwayo kwa kifupi TCRS. Basi, mkono uliowapelekea wakimbizi wa Afrika majembe na dawa ulikuwa mkono wa watu walioonja ukimbizi.

5. MWALIMU NAYE APIMWE

Haifai kumfuata mwalimu bila kumpima. Katika kitabu chake cha mwaka 1764 Kant aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau, asiyewahi kuwaona katika nchi zao. Tusiyafiche. Tufanye nini basi, tuitupe sheria yake? La. Tumpime kwa sheria yake mwenyewe. Aliyesema kila mwenye akili ana heshima isiyo na bei, amejihukumu kwa maneno yale. Na mwaka 1795 aliyalaumu waziwazi mataifa ya Ulaya yaliyokwenda katika nchi za wengine kwa jina la ugeni, kisha yakawatawala wenyeji kana kwamba hawakuwa kitu. Twajifunza hapa ya kuwa kweli ni kubwa kuliko kinywa kilichoisema.

Tena mwaka 1797 alifundisha kwamba hata muuaji akija mlangoni kumwuliza mtu aliyejificha ndani, si halali kumdanganya. Hapa kwetu jambo hili si mfano wa darasani. Katika miaka ya mauaji katika nchi jirani, milango mingi ilibishwa hivyo. Mimi sioni ya kuwa Kant alihukumu sawa. Wakunga wa Waebrania walimdanganya Farao ili watoto waishi (Kut. 1), na Rahabu aliwaficha wapelelezi (Yos. 2), wala Maandiko hayawahesabu kuwa waovu kwa ajili ya hayo. Wajibu wa kusema kweli upo ili watu waweze kuaminiana na kuishi pamoja. Ukitumiwa kumtia mtu mikononi mwa wauaji, umegeuzwa kinyume cha shabaha yake. Lakini mtu asiifanye ruhusa hii kuwa mlango mpana. Ajiandikishaye kwa majina mawili ili apate chakula mara mbili hamwokoi mtu na upanga. Amnyang'anya jirani yake.

6. AKILI, WAJIBU NA NEEMA

Mwisho twauliza: Je, akili yatosha? Baba yetu Martin Luther aliikemea vikali akili ilipotaka kumhukumu Mungu. Lakini katika mjadala wake juu ya mwanadamu, mwaka 1536, aliisifu kuwa ni kuu kuliko vyote vya maisha haya, mvumbuzi wa kazi za mikono na mwongozaji wa sheria. Hayo mawili hayapingani. Akili ni taa ya kuuona wajibu, lakini taa haitembei kwa niaba yetu. Yatuonyesha deni, hailipi. Kadiri mtu anavyojipima kwa vipimo vile viwili kwa unyofu, ndivyo aonavyo jinsi alivyopungukiwa. Hiyo ni kazi ya sheria, nayo ni kazi njema, maana yatupeleka kwa Kristo.

Hapo ndipo Injili inaposema lisilosemwa na falsafa. Hatuhesabiwi haki kwa kuwapokea wageni. Tumehesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Na kwa kuwa tumepokelewa bure tukiwa wageni na maadui, sasa tuko huru kumpokea mwenzetu bila kuhesabu faida. Israeli waliagizwa kumpenda mgeni kwa kukumbuka Misri (Law. 19:34). Bwana wetu mwenyewe alipokuwa mtoto alikimbizwa usiku kwenda nchi ya kigeni (Mat. 2). Siku ya mwisho atasema alikuwa mgeni, nao waliompokea watashangaa, maana hawakujua ni nani (Mat. 25). Walimtendea mtu mema kwa kuwa yampasa mtu kutendewa mema, nao hawakungoja thawabu.

Basi moyo ukichoka, ndugu zangu, akili na iseme: Huyu ni mtu. Na akili ikisema lakini mguu ukakataa kwenda, tumwombe Roho Mtakatifu atupe nguvu ya kwenda.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Taja tendo jema ulilolitenda juma hili. Je, ungelitenda kama hapangekuwa na mtu wa kuliona wala faida yo yote?
2. Je, katika kijiji chako ujira wa mgeni ni sawa na ujira wa mwenyeji kwa kazi ile ile? Kama si sawa, kwa nini?
3. Wenyeji waweza kutoa malalamiko gani ya haki juu ya kuni, maji na mashamba, na wayapeleke kwa nani?
4. Someni Luka 10:25-37. Msamaria alitendaje baada ya huruma ya kwanza kupita, kesho yake asubuhi?

Bwana awape akili ya kuona na moyo wa kutenda. Amina.